Mpaka Aje

Bibi yangu alikuwa anakufa kwa sababu ya nguruwe, na nielewe vizuri, sikusema nyama ya nguruwe. Nguruwe wenyewe, wazima, wanaotembea.

Figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari alisema waziwazi mbele yetu sote: asafishwe damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, la sivyo Krismasi hii hatakula nasi. Mashine ziko Houston, karibu na kwa mama. Mama alishatengeneza chumba, kanunua hadi mapazia ya rangi anayoipenda Bibi. Na Bibi Vernell Tull kakaa kibarazani kwake, huku kwetu mashariki mwa Texas, miguu imevimba kama mikate, anasema haendi popote.

"Nikienda nani atakata masikio?"

Maana kwetu kila mtoto wa nguruwe, kabla hajamaliza mwezi, anakatwa masikio. La kushoto linakatwa ncha, linabaki limegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. La kulia linatolewa pengo dogo upande wa chini. Zamani hapakuwa na uzio, nguruwe walizurura msituni mwa huyu na mwa yule, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na alama yake. Siku hizi wetu wako ndani ya uzio, ingawa uzio wenyewe umezunguka msitu mzima mpaka kwenye maji ya mto Sabine, na jirani wa kuchanganyika naye hayupo. Lakini bado tunakata. Tunakata kwa sababu Ransom alisema.

Ransom Tull ni babu yake baba yake Bibi. Alizaliwa mtumwa, wapi haijulikani, na uhuru ukamkuta hapa Texas. Wenzake waliondoka. Yeye akang'ang'ania kipande hiki cha matope kando ya mto, ardhi ambayo hata vyura wanailalamikia, akafuga nguruwe mpaka anakufa. Siku ya kufa alimwita mtoto wake wa mwisho, ambaye ndiye babu aliyemlea Bibi, akamwambia: "Alama hiyo msiibadilishe. Kateni hivyo hivyo mpaka aje."

Mpaka aje. Nani? Kwetu hilo huulizi. Sisi ni watu wa kanisa, na anayekuja ni mmoja tu. Kila mwaka kwenye mkutano wa ukoo mchungaji anahubiri juu ya maneno hayo, wamama wanalia, wazee wanapiga miguu chini. Alama imechorwa kwenye geti, kwenye keki, kwenye fulana tunazovaa siku hiyo. Mwaka huu fulana nilizichora mimi: sikio jekundu kubwa kifuani, chini yake MPAKA AJE.

"Lakini Mama," Anko Lonzo akasema. Anko ni mwanawe mkubwa, anakaa naye, na jioni ndiye anayewaita nguruwe waje wale. "Yesu akirudi na malaika wote na tarumbeta, unadhani ataanza kwa kukagua masikio ya nguruwe?"

"Aliwahi kuingiza mapepo ndani ya nguruwe," Bibi akajibu. "Kwa hiyo anawafahamu."

"Wale walizama!"

"Hawakuwa na alama."

Nilicheka nikapaliwa na chai. Anko hakucheka. "Basi nenda, nitakata mimi."

"Wewe? Wewe uliyezimia jogoo alipochinjwa?"

"Nilikuwa mtoto!"

"Ulikuwa na ndevu, Lonzo."

Anko akavuta kofia yake, ikalalia sikio la kushoto, akaondoka zake. Wanaume wote wa kwetu tunavaa kofia hivyo, imelala kushoto. Tumeiga kwa Ransom. Picha yake ni moja tu, imetundikwa sebuleni, mzee kageuza shavu la kushoto, kakaza uso kama anadaiwa, na kofia imeteremka upande huo hadi karibu na taya. Msichana akikuona mjini umevaa hivyo anajua, huyo ni wa kina Tull.

Pale uzioni Anko akaweka viganja mdomoni. Kila nyumba inayofuga ina mwito wake, na wetu ulitoka kwa Ransom pamoja na alama. Hauna maana, ni sauti tu: "Iiiif-raaa-ho! Iiiif-raaa-ho!" Ananyoosha sauti mpaka unahisi miti inasogea kuipisha. Baada ya muda unasikia majani yanalia, nguruwe hao, wanakuja mbio kama wameitwa harusini.

Bibi alikuwa anasikiliza, mkono juu ya tumbo. Usoni alikuwa na rangi ya majivu. Nikajua kabisa, huyu mwanamke atakufa hapa, kwenye kiti hiki, akimsubiri Yesu na ndoo ya pumba.

*

Kazi niliyokuwa nimepewa kwa ajili ya mkutano ilikuwa kusema Ransom alitoka wapi. Nilishachimba kwenye simu mpaka macho yanauma. Majina yapo, baba wa huyu, mama wa yule, unapanda unapanda, halafu unafika wakati wa utumwa unagonga ukuta. Watu wetu walihesabiwa bila majina. Mwanamume, mweusi, umri wake. Basi. Na hilo la Tull alijichagulia mwenyewe baada ya uhuru, kwa hiyo ukilifuata linaishia mlangoni kwake.

Nimekaa kibarazani, betri inaisha, mtoto wa nguruwe ananinusa kiatu. Nikaliangalia sikio lake. Nikaruka!

Jina la mtu wanaweza kuacha kuliandika. Lakini nguruwe? Tajiri gani ataacha nguruwe wake wasijulikane? Alama hizi watu walirithishana kama mashamba. Ransom hakuitoa hewani. Kama aliiona mahali, basi mahali hapo ndipo alipotoka.

Nikapiga picha sikio, la kushoto na la kulia, nikaiweka kwenye ukurasa wa wafugaji na wawindaji wa nguruwe wa mikoa ya huku. Nikaandika: nani anaijua hii?

Majibu yakamiminika. "Naijua, ni sikio la mama mkwe wangu." "Mpe pole, nani kamng'ata?" Mmoja akataka kujua bei. Siku iliyofuata nikiwa napiga mswaki likaingia jibu la mzee mmoja wa Kizungu wa Louisiana, ng'ambo ya mto, anaitwa Delmer Stroud, na picha yake ni kambare mkubwa kuliko yeye.

"Kijana, alama yetu umeitoa wapi?"

Nilikimbia na povu mdomoni mpaka kwa Bibi. Nikamsomea. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Yetu?"

"Amesema hivyo. Ukoo wao wameikata tangu zamani."

"Kwa hiyo Ransom aliichukua kwa watu."

"Labda aliwahi kuwa kwao, Bibi."

Akatazama geti lake, ile alama iliyochorwa. Kidole kikawa kinagonga mkono wa kiti. "Unajua kitu ambacho kimenisumbua tangu msichana? Babu yangu aliponiambia maneno yale, hakusema 'mpaka Bwana aje'. Alisema 'mpaka aje'. Na watu wa zamani Bwana hawakumfupisha. Walimtaja kwa heshima zake zote, hata wakipiga chafya."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema naye hakuambiwa, Ransom alikata roho. Nikaona haya kuuliza tena. Nikaenda kukata masikio." Akanishika mkono, viganja vyake vilikuwa baridi. "Marquel. Nenda kwa huyo mzee. Ukiniletea jibu tunamngoja nani, napanda gari la mama yako. Lakini jibu kweli. Usinijie na 'pengine'."

*

Anko Lonzo aliendesha pikapu, mimi nikashika ramani kwenye simu. Kwa ndege wa angani ni karibu, maji tu yanatutenga, ila daraja liko mbali, unazunguka misitu ya misonobari hadi unachoka. Nilivaa fulana ya mkutano. Nilitaka mzee aone kazi yangu.

Nyumba ya Delmer Stroud ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya mafuriko, mbwa wamelala chini yake. Mwenyewe ana miaka themanini na ushee, mikono myembamba, anacheka kirahisi. Akatutolea chai baridi ya sukari na karanga za kuchemsha, akaniangalia kifuani akapiga paja.

"Jamani! Hiyo hapo! Ukweli mtupu, kushoto mkia wa mbayuwayu, kulia pengo chini. Mlinunua nguruwe kwetu nini?"

"Hatujui, mzee," nikasema. "Ndiyo tumekuja kuuliza."

"Sisi kina Stroud tumeikata tangu Georgia. Kutoka Georgia mzee wetu wa kwanza akahamia Alabama, ardhi ikachoka, akahamia huku. Kila anapohama anaswaga nguruwe wake mbele, na…" Akachukua karanga. Akaimenya taratibu.

"Na watu wake," Anko akamalizia.

"Enhe. Na watu."

Mbwa mmoja chini ya sakafu akajikuna, nyumba yote ikatikisika. Nikaona niulize haraka kabla hewa haijaganda. "Kuna mtu anaitwa Ransom ulishawahi kumsikia?"

Akacheka! Haki ya Mungu alicheka kwa furaha, kama nimemtajia rafiki wa shule. "Ransom na Ifram! Wale ndugu wawili! Babu alikuwa akituchekesha nao mezani kila msimu wa kukata masikio. Walikuwa wakorofi, wanatoroka, wanarudishwa, wanatoroka. Mzee wetu akachoka. Siku moja watu wako zizini wanakata nguruwe, naye kashika kisu, akasema, 'Nguruwe wangu akipotea najua kumdai. Na hawa nao…'"

Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye sikio lake la kushoto, kuonyesha.

Hapo kicheko kikaanza kumwishia. Kiliisha polepole, kama maji yanavyoisha kwenye beseni lililotoboka. Alikuwa anatuangalia. Nadhani hadithi ile alikuwa hajawahi kuisimulia mbele ya watu kama sisi.

"Na hawa nao nini?" Anko akauliza.

"Aliwakata," Delmer akasema. "Kwa kisu kile kile. Yote mawili, kushoto na kulia."

Nikamtazama Anko. Kofia yake ilikuwa imelalia kushoto kama kawaida. Akaivua. Mimi sijawahi kumwona Anko bila kofia mchana. Akaiweka magotini akawa anaiangalia kama kitu alichookota barabarani. Mimi nikakumbuka kifua changu. Lile sikio jekundu. Niliinuka nikaenda nyuma ya nguzo nikaivua fulana nikaigeuza ndani nje, nayo ikakwama kichwani.

Niliporudi Anko alikuwa anauliza tena, sauti ya chini kabisa. "Huyo Ifram. Aliishia wapi?"

"Vita vilipokaribia," Delmer akasema, "wenye watumwa walianza kuwaswaga kuwapeleka Texas, askari wa kaskazini wasije wakawaachia huru. Mzee wetu naye akafanya hivyo. Walivukia hapa chini. Kundi la kwanza likavuka kwenye chelezo, Ransom akiwemo. Ifram alikuwa kundi la pili. Chelezo cha kwanza kikiwa katikati ya maji, yeye huku ukingoni akakimbia."

"Akafika wapi?"

"Kulikuwa na mbwa."

Nilitaka kumwambia inatosha. Anko akanyoosha kidole, endelea.

"Hawakumrudisha. Waliona hafai kazi tena. Pale kwenye kona ya mto pana shimo la maji, kina kirefu, walimtia mle. Tangu utoto tunapaita kwa Ifram. Twende tukavue kwa Ifram, kambare wa kwa Ifram. Nilikuwa natamka tu, kama mtu anavyotaja jina la mtaa."

"Na Ransom aliambiwa?"

Delmer akatikisa kichwa. "Aliambiwa nduguye amefanikiwa kutoroka. Mzee aliogopa huyu mwingine asiharibike, maana alikuwa fundi. Babu alisema uongo ule ndio uliomfanya Ransom atulie kabisa, hakutoroka tena. Alikaa anangoja. Wakawa wanamcheka."

*

Simu yangu ilikuwa imerekodi kila kitu.

Bibi alikuwa kibarazani. Nikatoa simu. "Zima hicho kitu," akasema. "Niambie kwa mdomo."

Sasa kwa mdomo ni kazi. Nikaanza na Georgia, nikaja Alabama, nikataja mpaka chai tuliyokunywa. Njia nzima nilikuwa nimepanga nimdanganye. Ifram angefika kaskazini, angeoa, angezaa, angekufa mzee kitandani kwake Ohio. Nilikuwa hata nimemchagulia mke.

"Halafu akafika…" nikaanza.

"Marquel. Uso wako tangu utotoni haujawahi kujua uongo. Usiufundishe leo."

Nikamwambia. Masikio kwanza. Alipandisha mkono akagusa sikio lake mwenyewe, akaubakisha pale mpaka nilipomaliza habari ya mbwa na shimo la maji. Anko alikuwa kasimama kwenye ngazi ametupa mgongo.

"Kwa hiyo hakuwa Yesu," Bibi akasema.

"Hapana, Bibi. Alikuwa Ifram. Ransom alijua nduguye hasomi, na jina la Tull hatalijua. Lakini sikio lile angelijua popote. Alikuwa nalo kichwani. Kwa hiyo akakaa pale pale walipotengana, akaachia nguruwe wazurure kando ya mto, wanaogelea mpaka ng'ambo. Ifram akikutana na mmoja msituni, amfuate tu. Jioni nguruwe anarudi nyumbani."

Bibi akaitazama mikono yake. Ina makovu madogo madogo, watoto wa nguruwe wana meno. "Nimewafanyia kwa mikono hii alichofanyiwa yeye," akasema. "Nikiimba tenzi."

"Mama, hukujua," Anko akasema.

"Nimesema nilijua?" Akainua kichwa. "Nipelekeni. Nikapaone."

"Mama, huwezi kutembea mpaka chooni!"

"Basi nibebeni. Ransom alingoja miaka hamsini. Mtu mmoja wa nyumba hii lazima afike."

*

Tulikwenda kesho yake, mimi na Bibi. Anko alibaki, nguruwe lazima wale. Delmer Stroud alikuwa ametufyekea njia mpaka majini, akaweka na kiti cha kukunja. Bibi alikataa kukaa. Alisimama amenishika begani, uzito wake wote juu yangu, na ulikuwa mwepesi hadi nikaogopa.

Ni kona tu ya mto. Maji ya rangi ya kahawa, hayaendi, yanajizungusha polepole. Kamba za kuvulia zimefungwa kwenye mizizi. Ng'ambo ni miti, na ile miti niliitazama mara mbili ndipo nikaitambua. Ni yetu. Ni msitu wetu. Kwa barabara tulizunguka mpaka mafuta yakaisha nusu, kumbe ukisimama hapa unaona uzio wa kwetu.

"Bwana Stroud," Bibi akasema bila kugeuka.

"Naam, mama." Alikuwa amevua kofia, amesimama mbali kidogo.

"Mmevua hapa tangu lini?"

"Tangu utoto wangu, mama. Na baba. Na babu."

"Na mlichovua mlikula."

Mzee akatazama zile kamba. "Ndiyo, mama."

Nilimsikia Bibi anapumua kwa kukwama, kwa sauti, maji yalishaanza kumjaa mapafuni. Mbu walikuwa wameanza. Nilikuwa nataka kusema twende, jua linashuka, na ndipo tukasikia.

Ilitoka ng'ambo, juu ya maji. Mtu anaita. Ile "ho" ya mwishoni haikufika, mto uliimeza, ikabaki mwanzo tu, imenyooka, mbali, kama mtu anayemwita mwenzake arudi nyumbani giza halijaingia.

"Iiiif-raaa… Iiiif-raaa…"

Maisha yangu yote nimesikia mwito ule nikiwa nyuma ya anayeita. Sikuwahi kuwa upande wa anayeitwa.

"Huyo," Delmer akasema polepole.

"Huyo nani?" nikamuuliza.

"Hiyo sauti. Ipo jioni zote. Baba alituambia ni mzimu wa Ransom, unamwita Ifram, tusikae hapa mpaka usiku. Ndiyo maana pakaitwa hivyo, jina halikupotea."

"Si mzimu," Bibi akasema. "Ni mwanangu, anaita nguruwe."

Halafu akaelewa, na mimi nikaelewa, wakati mmoja, nikahisi vidole vyake vinaniingia begani. Ransom hakuwa akiita nguruwe. Alipoanza, hakuwa akiita nguruwe hata kidogo. Alisimama pale kila jioni akamwita nduguye kwa jina, na nguruwe wakazoea kuja. Watoto wake wakaona nguruwe wanakuja, wakadhani ndio wanaoitwa. Miaka mia na hamsini na kitu, Krismasi, mvua, misiba, hakuna jioni iliyoruka. Na anayeitwa yuko hapa miguuni petu, jiwe likirushwa kutoka kule linamfikia.

"Iiiif-raaa…"

"Una simu?" Bibi akaniuliza. Mimi! Anauliza kama nina simu.

"Ninayo."

"Mpigie Lonzo. Mwambie anyamaze."

Nikapiga. Ikaita, na ng'ambo mwito ukakatika katikati. "Nini tena?" Anko akasema, anahema. "Mama yuko salama?"

"Bibi anasema usiite tena."

"Sijamaliza. Watatu bado wako msituni."

"Anasema unyamaze, Anko. Tumeshamfikia."

Sijui alielewa nini. Nikasikia nguruwe wanatafuna kwake, halafu akakata. Mto ukawa kimya. Kimya kibaya, kimya cha nyumba iliyotolewa maiti. Hata Delmer aligeuza kichwa akawa anatega sikio, anaingoja sauti aliyoizoea tangu utoto, na haikuja.

Bibi akainama. Nilidhani anaanguka nikamdaka, kumbe alikuwa anatafuta kitu chini. Akachukua ile kamba ya kuvulia iliyokuwa karibu, akajaribu kuifungua kwenye mzizi, vidole vimevimba, havishiki. Nikamsaidia. Tukafungua moja. Delmer akaja akafungua nyingine, halafu nyingine, bila kuambiwa, akazivuta zote nchi kavu. Bibi hakumshukuru.

Kwenye gari alikaa akafunga mkanda mwenyewe. Midomo ilikuwa ya bluu. "Mama yako yuko kazini?"

"Anatoka sasa hivi."

"Mwambie nakuja leo. Tusipitie nyumbani. Nikipita nitakaa."

Nikawa naandika, herufi zinakimbia, simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Anko. Nikamwonyesha, nikaongeza mwanga aone. Watatu hawajarudi. Giza linaingia. Niite?

Bibi aliusoma huku akisogeza simu mbele na nyuma kutafuta macho yake. Halafu akaitazama ile miti ya ng'ambo, ambayo sasa ilikuwa nyeusi tupu.

"Mwambie awaache," akasema. "Washa gari."